Gari Jekundu la Mtani Wangu

Mnapokuja kuniuliza habari za kununua gari la michezo la zamani, wajukuu zangu, mnanipa shikamoo ndefu kuliko ya siku nyingine. Mnauliza mgongo wangu unaendeleaje, mnasifu upepo wa kibarazani kwangu, mnakunywa maji bila kiu. Kisha simu inatoka mfukoni, na ndani ya simu imo picha. Nikiona picha imekuzwa mpaka rimu zimejaa kioo kizima, najua kwamba hukuja kuomba ushauri. Ushauri ulishajipa njiani. Umekuja kutafuta mtu mzima wa kumlaumu baadaye.

Sikatai. Mafundi tumeumbwa kwa kazi hiyo.

Mimi nilikuwa fundi bodi hapa Morogoro maisha yangu yote ya kazi. Kwa asiyejua, fundi bodi si yule anayefungua injini. Sisi tunanyoosha bati lililokunjika, tunaziba mashimo kwa puti, tunapiga msasa, tunapuliza rangi, na mwenye gari akirudi anakuta mlango umesahau ukuta uliougonga. Ukitaka kuiita kwa jina lake, kazi yangu ilikuwa kuyasaidia magari kudanganya umri. Sasa nimestaafu, na watu wale wale wananiita niwasaidie kuufichua uongo huo. Ni kama mtengeneza meno ya bandia aliyeitwa kutambua meno ya kweli. Naifanya kazi hiyo kwa raha. Mara nyingine nakutana na uongo wangu mwenyewe, nausalimia, nasonga mbele.

Aliyenifundisha ni Mzee Fikiri wa Bigwa, mtu mfupi, mwenye vidole vigumu kama mizizi ya tangawizi. Siku yangu ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa gari zima na kuniambia nilipigie hodi.

"Hodi wapi, mzee? Mlangoni?"

"Kila mahali. Penye bati pataitika. Penye puti pataguna."

Nikazunguka gari nikigonga kwa kifundo cha kidole kama mpangaji mwenye haya. Kweli bati liliitika kwa sauti nyembamba, ikakimbia na kwenda mbali. Na ubavuni, juu ya gurudumu la nyuma, sauti ikafa papo hapo, kama mtu aliyeulizwa habari za mkewe wa kwanza. Tangu siku hiyo sijawahi kuliamini gari kwa macho. Macho ni ya mnunuzi. Fundi ana masikio.

Baadaye nikaongeza sumaku. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini usije ukakwaruza mali ya watu, ipitishe taratibu. Penye chuma itang'ang'ania. Penye puti nene itaanguka chini, na muuzaji atakohoa. Halafu nenda ukalione gari baada ya mvua, si siku ya jua. Inua zulia la miguuni, unuse. Gari linalovuja lina harufu ya nguo zilizokunjwa hazijakauka, na hakuna marashi yanayoiondoa. Papasa ukingo wa chini wa milango, ambako tope hujificha na kutu hujenga nyumba. Na ukifika kwa muuzaji, weka mkono juu ya boneti kabla ya kusalimia. Shikamoo itasubiri. Ukikuta boneti ya moto, ujue mgonjwa amepewa dawa kabla daktari hajafika.

Hayo nawapa bure, na najua hamtayafanya, kwa sababu rimu zinang'aa.

Msidhani mimi mwenyewe sikuwahi kuumbuka. Nilipata kupaka gari jeupe la bwana mmoja wa Mazimbu, rangi nzuri, laini, nikaliacha nje likauke. Jirani palikuwa na msufi uliokuwa unapasua matunda yake, nami nilikuwa naangalia gari tu, sikuangalia juu. Upepo ukashuka kutoka Uluguru. Niliporudi na chai yangu, gari lilikuwa limeota manyoya. Nikaanza kuandaa uongo, na bwana yule akafika kabla sijaumaliza. Akalizunguka, akaligusa, akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Mpaka leo sijui kama alikuwa mjinga au muungwana. Lakini nilijifunza kwamba fundi anayejua sana kitu kimoja ndiye anayeangukiwa na kile kilicho juu ya kichwa chake.

Nilijifunza, nikasahau. Ndiyo maana nawasimulia habari ya Rehema.

Rehema ni mtoto wa dada yangu Felista. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye mtoto hasa, na mjomba haulizwi kwa adabu tu. Anaulizwa kwa sababu likiharibika ni lake. Msichana huyu alikuwa anakodisha viti, maturubai na mapambo ya harusi mjini, na mali yake kubwa ilikuwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo kenye uso wa kushangaa. Siku za harusi kirikuu kilibeba viti. Siku nyingine kilipanda Mgeta kwa mama yake, kikateremka na kabichi, karoti na njegere mpaka sokoni. Nyumba mbili zilikula kwa kirikuu kile, ya mlimani na ya mjini.

Sasa Rehema akaona mbali. Aliona kwamba maharusi wote wa Morogoro wanapanda magari meupe yaleyale, na kwamba atakayeleta gari jekundu la michezo, la chini, la milango miwili, lenye taa zinazolala ndani ya boneti na kufumbuka ukibonyeza swichi, atagombewa. Na gari hilo alikuwa ameshalipata, Kihonda, kwa Mzee Kasanda, ambaye hakutaka fedha. Alitaka kirikuu. Gari kwa gari, mkono kwa mkono.

"Mjomba, wewe ukilipitisha tu, nimetoka," aliniambia.

"Na kabichi za mama yako?"

"Nitakodi usafiri."

"Kwa fedha za nani?"

"Za maharusi, Mjomba."

Mnaona hesabu ilivyonyooka. Maharusi wasiokuwepo walikuwa tayari wanalipia kabichi ambazo hazijakatwa.

Mzee Kasanda namfahamu vizuri. Ni Mnyamwezi, mstaafu wa kiwandani, na kwa hiyo ni mtani wangu. Ninyi mliozaliwa juzi mnadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Utani ni sheria. Babu zake walipita hapa na mizigo kichwani, babu zangu wakawapa maji, na tangu hapo anaruhusiwa kunitukana msibani nami siruhusiwi kununa. Tulipofika kwake alikuwa amelifunika gari kwa shuka la kitanda.

"Mtani, umekuja kununua au kuiba?"

"Mluguru haibi kitu kisichopanda mlima."

"Basi nimesalimika, hili halipandi." Akavuta shuka kama anamfunua bibi harusi. Jamani. Jekundu la pilipili mbivu, limejikunja chini kama paka anayetaka kuruka. Kasanda akaweka mkono kiunoni. "Binti, nakuambia ubovu wake wote, usije ukasema Mnyamwezi kakuficha. Ukilitembeza polepole linachemka kama maharage ya mke wa mjomba wako. Ukilikimbiza linapoa. Kiti cha nyuma kinatosha kuku wawili walionuniana. Na taa ya kushoto huamka inapojisikia."

"Basi limefanana na mwenyewe," nikasema.

Tukacheka. Rehema alicheka mpaka akajishika mbavu. Kasanda alicheka kuliko wote.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nendeni Morogoro nzima, hamtampata muuzaji mwingine aliyetoboa siri ya mali yake waziwazi namna ile, mchana, mbele ya shahidi. Angekuwa Mpare au Mmakonde ningesimama nikamwuliza: linachemka kwa nini? Feni yake inazunguka? Rejeta imeziba? Lakini alikuwa mtani, na neno la mtani kazi yake ni kuchekwa. Nililicheka kwa heshima zote za mila.

Kisha nikaingia kazini. Boneti ilikuwa ya baridi. Nikapiga hodi, bati likaitika kutoka pua mpaka mkia. Nikapitisha sumaku, ikang'ang'ania kila mahali. Nikainua zulia: pakavu. Nikapapasa milango: mizima. Vijana, katika miaka yangu yote sikuwahi kukutana na gari la umri ule lisilo na hata chembe ya puti. Nilijisikia kama padri aliyesikia ungamo akakuta hakuna dhambi. Nikasimama na sumaku yangu mkononi, machozi yako karibu, nikasema, "Rehema, gari hili ni la kweli."

"Na injini, Mjomba?"

"Injini ni kazi ya watu wengine. Lakini bati hili, mwanangu!"

Jambo moja tu la busara nililolifanya siku ile ni kusema kwamba wabadilishane funguo leo, lakini kadi za magari zibadilishwe Jumatatu, baada ya Rehema kulipeleka kwenye harusi moja. Gari halijaribiwi kwa mwendo linaoupenda. Linajaribiwa kwa kazi utakayolipangia. Kasanda akakubali, akakaa ndani ya kirikuu, akafunga mlango taratibu kama anaogopa kukiamsha.

Siku mbili hazikuisha dada yangu akapiga simu kutoka Mgeta.

"Kaka, nasikia umepitisha gari."

"Bati lake, Felista, ungeliona."

"Kabichi zangu nizipandishe kwenye bati? Huku zinapasuka. Lori la watu linanichagulia, linabeba nzuri, mbaya linaniachia. Nyie huko mnachezea taa."

"Subiri Jumamosi ipite."

"Kabichi haijui Jumamosi." Akakata.

Jumamosi ikafika, Desemba, jua la kuchoma visigino. Harusi ilikuwa ya kanisani, kisha msafara uzunguke mji na matarumbeta kabla ya kwenda ukumbini. Ulipotafutwa usafiri wa wapiga matarumbeta, nani alijitokeza? Mtani wangu, na kirikuu. Nikapanda mbele pamoja naye. Nyuma yetu wapulizaji na ngoma zao, na nyuma yao, mbele ya msafara wote, gari jekundu, Rehema kwenye usukani.

Hapo ndipo nilipoona lile ambalo mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi angeliona akiwa kitandani kwake. Bibi harusi alikaa mbele, na shela lake likajaa mpaka kwenye gia. Bwana harusi na msimamizi wa kike walipaswa kukaa nyuma. Bwana harusi, mwalimu mrefu mwembamba, alikunjwa kama mkeka akaingizwa. Magoti yake yakaja jirani na masikio. Msimamizi akaingia kinyumenyume akiomba.

"Kuku wawili," alisema Kasanda, macho kwenye kioo.

Matarumbeta yakaanza. Mnajua mwendo wa msafara wa harusi. Mtoto anayejifunza kutembea angetupita. Watu wanacheza barabarani, shangazi wa bwana harusi anatangulia na kanga, kila mtu anataka aonekane. Kirikuu kilikwenda kikiguna kwa amani, kama bibi anayemenya njegere. Nami nikiwa ndani yake nikafikiri kwa mara ya kwanza kwamba gari la mbio lilikuwa limeajiriwa kutembea.

"Litachemka kwenye kipilefti," alisema Kasanda.

Nikacheka. Mazoea.

Kwenye kipilefti, pale kwenye mzunguko wa barabara, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, mweupe, mwembamba. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya shughuli. Nikashuka nikakimbia, kwa kadiri goti linavyoruhusu.

"Rehema! Washa hita!"

"Hita, Mjomba? Morogoro? Desemba?"

"Washa yote, mpaka mwisho, fungua vioo! Joto la injini lipitie ndani!"

Hilo nalo likumbukeni, litawafaa: gari likichemka na huwezi kusimama, hita hunyonya joto la injini na kuwaletea ninyi. Injini hupona. Abiria ni habari nyingine. Bibi harusi aligeuka, wanja umeanza kusafiri.

"Babu, mimi nimekuja kuolewa, si kuchemshwa!"

"Vumilia, mwanangu, ndiyo ndoa," alisema msimamizi kutoka nyuma, akipepea kwa kipochi.

Bwana harusi alijibu kwa kutikisa goti. Sidhani kama kifua kilikuwa na nafasi ya neno.

Mshale wa joto ukabaki kulekule juu. Rehema alinitazama, na katika macho yake sikuona hofu ya harusi. Niliona mlima mzima wa kabichi. Nikasema kwa sauti ya chini, kwa aibu, kama mtu anayerudia maneno ya adui, "Ukilikimbiza linapoa."

Hakusubiri nimalize. Taa zikafumbuka, ya kulia ilifumbuka, ya kushoto ilibaki usingizini. Gari likapita kirikuu, likapita shangazi na kanga yake, likaingia barabara ya Dodoma na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipoacha kazi. Kisha halikuwepo. Matarumbeta yakanyamaza moja moja, tarumbeta kubwa mwisho. Mama wa bwana harusi akashuka kwenye gari lake.

"Wamekwenda wapi?"

"Kupoza injini, mama," nilisema.

"Mwanangu amebebwa!"

"Na mkewe, mama. Yuko na mkewe."

Hilo halikumtuliza. Tulisimama juani msafara mzima, harusi isiyo na maharusi, na Kasanda akawaomba wapigaji waendelee walau na wimbo mmoja ili watu wasifikiri ni msiba. Waliporudi, shela lilikuwa nusu nje ya dirisha, nywele za bibi harusi zimesimama kila moja na mawazo yake, na msichana yule alikuwa anacheka kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba anatazamwa. Gari lilikuwa limepoa kabisa. "Tena!" alisema. "Mara moja tena!" Wakamtoa kwa nguvu, wakampandisha gari jeupe la baba mdogo, na msafara ukaenda ukumbini kwa heshima zake.

Jioni Rehema alikuja kibarazani kwangu. Nilijiandaa kulaumiwa, nilishawaambia ndiyo kazi yetu. Akaketi.

"Mjomba, ulisema kweli. Ni gari la kweli."

"Ndiyo."

"Pale kwenye mteremko wa Mkundi, bibi harusi alinishika mkono akaniambia nisipunguze. Sikuwahi kufurahi vile kwenye kazi." Akavuta pindo la kanga. "Lakini likifurahi halina kazi, na likifanya kazi halina furaha. Mama ana kabichi."

Vitabu vyote vya ununuzi wa magari, na mimi na sumaku yangu, hatukuwahi kulisema vizuri hivyo.

Jumapili baada ya ibada tukalirudisha Kihonda. Kasanda alikuwa anaosha kirikuu kwa sabuni ya unga, hata matairi.

"Shikamoo, mzee. Nimerudisha gari lako."

"Marahaba. Halirudishwi."

"Kadi hatujabadilishana," nikasema.

"Mtani, mali ya watani hairudishwi. Mali ya watani hunyang'anywa. Huyu ni Mluguru au si Mluguru?"

Rehema alinitazama. Nikainua mabega. Ndipo akamwekea mzee funguo za gari jekundu ndani ya ndoo ya sabuni, akaruka ndani ya kirikuu, ambamo funguo zilikuwa zinaning'inia, akakiwasha, na kikatoka getini kikidondosha povu. Kasanda akamkimbilia hatua chache.

"Mwizi! Mwizi wa Kiluguru!"

Majirani wakatoka, mmoja na mchi, wawili na fimbo. Wakaangalia, wakamwona Mnyamwezi anacheka na Mluguru amesimama. "Aa, watani," wakasema, wakarudi kula. Kirikuu kilikuwa kimeshakata kona kuelekea njia ya Mgeta.

Kasanda akaacha kucheka. Alipapasa ndani ya ndoo mpaka akapata funguo, akazifuta kwenye shati.

"Kilikuwa na kiti cha juu," alisema. "Unakaa kama mtu. Hili, mtani, magoti yangu yameligomea. Kuingia naingia. Kutoka nasubiri mtu apite njiani nimwite."

Hakukuwa na utani ndani ya maneno hayo, nami sikujua nifanye nini nayo. Sheria haikunifundisha. Nikalizunguka gari lake nikiligonga kidogo, hapa na pale. Liliitika.

"Nipeleke nyumbani, basi," nikasema.

Tukaingia, mmoja huku na mmoja kule, tukiguna, tukishikilia milango, tukijishusha vipande vipande mpaka makalio yakapata viti. Barabara ilikuwa juu ya macho yetu. Milima ilikuwa juu zaidi.

"Na tukifika," nikamwuliza, "nani atatutoa humu?"

Akawasha injini.

"Tusifike."